Sahani ya Kwanza

Kwa Théogène, mbwa ndiye alikuwa anakula wa kwanza.

Tena si mabaki. Pulchérie, muke yake, alikuwa anashusha sufuria, anachota kijiko kimoja, anapuliza, anaweka mbele ya Bobi. Kisha nyumba yote inangoja. Théogène, fundi wa nguo anayejulikana mpaka Rubona, anakaa na njaa yake, anaangalia mbwa akilamba midomo.

Siku moja akachoka. Akapiga meza.

"Mama Belise, chagua! Ni mi ao ni mbwa!"

"Yewe, Baba Belise! Unaonea mbwa wivu?"

Akacheka, na kesho yake Bobi akapata kijiko yake kama kawaida. Théogène alinuna wiki nzima. Mutu huko mjini anaitwa patron, halafu kwake ni namba mbili!

Bon. Jumamosi, Dokta Umuhoza akaja kufundisha wamama wa mtaa. Théogène alisimama pembeni kidogo, akasikia: mupunguze nyama, mukule maharage, dodo, ile mchicha yetu, karoti, uyoga, moyo itawashukuru. Alipoona nyama inasemwa vibaya, akarudi zake kwenye cherehani. Mengine hakuyasikia.

Jioni ile ile, ajabu. Pulchérie akashusha sufuria, akajaza sahani, akamupa yeye. Yeye wa kwanza! Dodo, maharage, na uyoga Pulchérie aliookota mwenyewe porini, kule juu Bugeshi. Nyama hakuna, lakini heshima iko.

"Na ninyi?"

"Kula kwanza, Baba Belise. Sisi tutangoja."

Wakangoja kweli. Muke amekaa karibu, shavu juu ya mukono, anamuangalia kama siku ya ndoa. Watoto kwenye mukeka, sahani tupu mikononi. Bobi kwenye mulango, mkia chini, kijiko hana.

"Unasikia je?"

"Tamu."

"Na tumbo?"

"Nayo iko inashukuru."

Ikawa hivyo kila jioni. Théogène akanona kwa sifa. Kazini alimutania Bizumuremyi, fundi mwenzake:

"We kwako unakula wa ngapi, sha? Mi muke yangu hagusi sahani mpaka nimalize. Na bado ananiuliza kama tumbo iko sawa!"

Bizumuremyi akainamia cherehani yake. Kwake wanavamia sahani wote pamoja, kama kuku.

Siku Dokta Umuhoza alipopita kuwasalimia, Théogène alikuwa amemaliza kitambo sahani ya uyoga mpya, mwekundu kidogo. Akasimama, akamupa mikono yote miwili.

"Dokta, murakoze, asante sana! Umenirudishia heshima yangu. Donc, uliwaambia nini hawa wamama siku ile?"

"Mambo ya chakula tu," dokta akacheka. "Na kidogo juu ya kazi yetu. Kwamba siku hizi tunapigania dawa zisijaribiwe tena kwa wanyama. Munyama anateseka bure, na hawezi hata kusema anaumwa wapi. Mama Belise alipiga makofi kushinda wote!"

Théogène akageuka amuangalie muke yake. Pulchérie alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

Kwenye mukeka, Belise akainua sahani yake tupu.

"Mama, nusu saa imeisha na Papa hajaanguka. Sasa tukule?"