Kujizuia Kuwaza Feni

Tangu wanipandikize chipu kichwani, sisumbui mtu. Nikiwaza feni, inazunguka. Nikiwaza redio, inaongea. Kuanzia shingoni kwenda chini mimi ni gunia la mpunga, ila gunia lenye rimoti.

Kabla ya chipu, mke wangu Mama Hiari alikuwa haishi kuingia chumbani kuniwashia feni. Akishaingia, anakaa ukingoni mwa kitanda na kunipa habari za mtaa mpaka maharage yanaungua. Siku hizi maharage hayaungui.

Jana mchana nikaamua kusema uongo. Nikazima feni, joto likapanda, nikaita, "Mama Hiari, chipu imekufa. Njoo uniwashie feni."

Akaja, mikono imejaa unga. "Imekufa? Si juzi tu wameikagua?"

"Imekufa, mke wangu. Hebu kaa kwanza, feni haikimbii."

Akavuta kiti. "Basi Mama Sikujua kafanya mambo huko..."

Jasho likaniingia machoni. Nikajikaza nisiwaze upepo. Nikawaza ugali, nikawaza makaburi. Lakini mtu anayejizuia kuwaza feni, anawaza nini?

Feni ikaanza kuzunguka juu yetu.

Mama Hiari akaitazama, akacheka. "Haya, imefufuka." Akanifuta jasho kwa ncha ya khanga, akarudisha kiti ukutani, akaenda zake.

Baadaye nikamsikia jikoni, anamsimulia dada yake kwenye simu mambo ya Mama Sikujua. Nikazima feni nisikie vizuri.