Banda Lisilojaa

Shangazi alisimamisha ufagio kando ya rundo la kuni, akapima, akapima tena, kisha akasonya. Jana jioni kuni zilifika kwenye kitasa cha mlango wa banda. Asubuhi hii zilikuwa zimeshuka hadi magotini.

"Kuna mtu ananichezea hapa," alisema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia ila kuku.

Alikuwa ameichoka nyumba hii. Alikuja kwa siku mbili tatu tu, asimamie mambo yaishe kistaarabu, na sasa wiki ya pili ilikuwa inakatika. Kwake alikuwa amemwachia mifugo mtu asiyejua hata kufunga lango.

Makubaliano yenyewe yalikuwa mepesi. Binti wa kaka yake alikuwa na mpera mbele ya jiko, ameupanda kwa mkono wake, na chini yake ndipo alipooshea vyombo miaka yote. Mumewe akaukata bila kumuuliza, eti matawi yanakwaruza bati. Mke aliporudi akakuta kisiki, akasema maneno. Mume naye akajibu maneno. Maneno yalipowaishia wakaamua kuachana. Mke akatoa sharti moja: haachwi na jiko la baridi. Mume ajaze banda la kuni mpaka darini, ndipo achukue begi lake aende zake. Mume akasema hata kesho.

Hiyo kesho ndiyo iliyokuwa ikimtoa Shangazi roho.

Si kwamba mume alikuwa mvivu. Kila siku msumeno wake wa mashine ulinguruma nyuma ya nyumba, akiukatakata mkaratusi mkavu ulioanguka huko. Aliunoa mnyororo kwa tupa, jino kwa jino. Alichanganya petroli na oili, akavuta kamba, mashine ikakohoa ikazima, akavuta tena mpaka shati likamganda mgongoni. Magogo aliyapasua kwa shoka, mke akazipanga kuni bandani, na hawakutazamana hata kidogo.

Kuzungumza walizungumza kupitia kwa Shangazi.

"Shangazi, mwambie huyo mtu chai iko mezani."

"Shangazi, mwambie huyo mtu nimesikia."

"Mimi si simu!" Shangazi alifoka. "Na kabla hamjanywa hiyo chai, nataka kujua nani anaiba kuni."

Mume aliinamia tupa yake. "Kuni zikikauka zinanywea, shangazi."

"Mti umekauka tangu mwaka juzi, unywee nini tena?"

"Labda mchwa," mke alisema, akisugua sufuria ambayo ilishatakata zamani.

"Mchwa wenye miguu na mikono!"

Hakuna aliyecheka. Shangazi aliwaangalia wote wawili, akashindwa kuelewa. Watu wanaibiwa jasho lao mchana kweupe, wao wameinamisha vichwa kama walioamkia msibani. Ilimuuma zaidi kwa sababu yeye ndiye aliyemshika bibi harusi mkono siku ile, akamkabidhi kwa bwana huyuhuyu.

Alijaribu kulinda banda, lakini kazi za nyumba hazingoji mlinzi. Asubuhi yeye na mke walikuwa zizini, mmoja ameshika ndama, mwingine anakamua, na mume ameondoka na toroli kuchota maji. Jioni mume alishuka bondeni kukata majani ya ng'ombe, Shangazi akaingia kuoga, mke akabaki jikoni. Kila alipotoka bafuni alihisi banda limepungua, akajiambia labda ni macho ya uzee.

Kilichomfungua macho ni moshi. Ng'ambo ya ua aliishi mshonaji mmoja, mjane asiye na mtoto wala mgeni, anayepika sufuria moja kwa siku. Lakini jiko lake lilifuka kuanzia alfajiri mpaka usiku, kana kwamba analisha kambi nzima.

Shangazi alijifunga khanga kiunoni. "Nimempata mwizi. Naenda kumtoa kuni zangu ukuni kwa ukuni!"

"Usiende!"

Walisema wote wawili kwa pamoja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mpera uanguke, mume na mke wakatazamana, kila mmoja akimshangaa mwenzake.

Shangazi hakuwa na muda wa kushangaa. Hasira ilimpandisha kilima kidogo, ikampitisha kwenye pengo la ua, akasukuma mlango wa mshonaji bila hodi.

Kuni zilikuwa zimejaa pale. Zilikuwa chini ya kitanda, juu ya kabati, zimebanana kuuzunguka ukuta mpaka dirishani, na mshonaji mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kabisa na cherehani yake, hana pa kunyoosha miguu.

"Mwizi mkubwa wee!" Shangazi alianza.

Mshonaji hakukana. Alisimama upesi, akamshika mikono yote miwili.

"Afadhali umekuja, shangazi. Mimi nimeshindwa. Asubuhi mume anazileta kwa toroli, ananiapisha nisimwambie mkewe. Jioni mke anazileta kichwani, ananiapisha nisimwambie mumewe. Nachoma usiku na mchana, haziishi. Sina tena pa kuzitia!"

Upande wa pili wa ua msumeno ulianza kunguruma tena. Shangazi alizungusha macho chumbani mle, kona kwa kona, kisha akafunga mlango nyuma yake na kushusha sauti.

"Na kule nyuma ya choo?"