Kengele ya Saa Tisa

Bwana harusi alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, suti mpya, ua kifuani. Nyuma yake wafanyakazi wote wa ofisi ya bima walikuwa wamekaa kwenye viti vyao, nao wamevalia nguo za harusi. Karani wa madai alikuwa amepakata zawadi iliyofungwa kwa utepe mwekundu. Hakuna aliyethubutu kuinuka. Saa kumi ilikuwa inakaribia, na kengele ya saa tisa ilikuwa haijalia.

Kengele yenyewe ilikuwa ya kompyuta. Mkuu wa ofisi, ambaye ni mjomba wa bwana harusi, aliiagiza baada ya kuchoshwa na watu waliokuwa wakichomoka mmoja mmoja mchana, huyu mgonjwa, yule ana mgonjwa. Programu fupi ikaandikwa: ikifika saa tisa, spika zilie. Tangu hapo sheria ikawa moja tu, kwamba kazi inaisha kengele ikilia. Mjomba aliipenda sheria hiyo kuliko mshahara wake.

Leo saa tisa ilipofika, spika zilikaa kimya. Kwenye skrini kubwa ya ukutani ikatokea amri ya mlio, kama ilivyoandikwa ndani ya programu: \a

"Kengele si ile pale," mhasibu alisema, akionyesha kwa kidole. "Imeandikwa."

"Kengele haisomwi," mjomba akamjibu. "Husikika."

Yeye mwenyewe alikuwa amefunga tai, na hotuba ya harusi ilikuwa mfukoni mwake. Aliombwa awaruhusu kwa mdomo, akakataa katakata. Alisema akianza kuruhusu kwa mdomo, kesho kila mtu atakuja na mdomo wake. Karani akagonga glasi kwa kijiko, ting ting ting, akitumaini. Mjomba akamwambia hiyo ni glasi. Watu wakaguna, wakakaa. Msajili wa ndoa alikuwa mtaa wa pili tu, lakini hufunga saa kumi na moja kamili, na akishafunga hata umpigie magoti hafungui.

Aliyeiandika programu ile ni bibi harusi. Ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi, na wiki hiyo alikuwa likizo kwa ajili ya harusi, japo kompyuta za ofisi aliweza kuzifikia hata kutoka nyumbani. Bwana harusi hakuomba likizo. Aliona haya kumsumbua mjomba.

Basi akaifungua programu. Juu kabisa palikuwa na mstari unaoanza na alama ya reli, ile #. Mistari ya namna hiyo huandikiwa binadamu, mashine huiruka, na yeye akauruka pia. Chini yake akaikuta kengele: kistari kilichoinama kushoto na herufi a, ndani ya alama za kunukuu. Aliona kila kitu kiko sawa. Akaongeza kistari cha pili, huenda kimoja hakina nguvu. Skrini ikaonyesha kimoja vilevile, cha pili kikamezwa. Akajaribu herufi kubwa, na herufi kubwa ikajitokeza ukutani bila hata mlio wa mbu. Jasho likaanza kuloanisha kola.

Simu yake ikaita. Alikuwa bibi harusi.

"Uko wapi?"

"Ofisini. Kengele imegoma. Hebu niambie, nibadilishe nini?"

"Mlango umefungwa?"

Akageuka kuutazama. Ulikuwa wazi, upepo ukipeperusha makaratasi. "Haujafungwa."

"Basi inuka, uje."

"Nitainukaje, mpenzi? Mjomba yuko hapa."

"Haya," bibi harusi akasema, na simu ikakatika.

Mwanamume mwenye akili zake angeiogopa "haya" ya namna hiyo. Huyu aliirudisha simu mfukoni, akamshukuru Mungu kwa kumpa mchumba mwelewa, akarudi kwenye vistari vyake. Akavipanga, akavifuta, akavipanga tena. Alipokuja kuinua uso, saa ya ukutani ilikuwa imepita kumi na moja, na karani wa madai alikuwa amesinzia juu ya zawadi.

Hapo ndipo alipokumbuka. Siku moja wakiwa mezani, mchumba wake alimweleza kuwa alama za kunukuu ziko za aina mbili. Za mikato miwili miwili huifanya mashine ielewe inachoambiwa, hata kistari na herufi vikageuka mlio. Za mkato mmoja mmoja haziulizi maana. "Hurudia tu zilivyoambiwa," alisema, akimkazia macho, "kama watu fulani." Bwana harusi alicheka sana siku hiyo, bila kujiuliza ni watu gani.

Akaisogelea skrini mpaka pua ikaigusa. Mkato mmoja mmoja. Akaufuta, akaweka miwili miwili, akabonyeza.

Spika zikalia mpaka madirisha yakatetemeka. Watu wakaruka vitini, wengine machozi yakiwatoka kwa furaha, zawadi juu juu. Mjomba akamkumbatia mpwa wake na kusema hajapata kumwonea fahari kama leo. Akamwambia asiwe na wasiwasi, msajili walisoma naye darasa moja, atamtoa hata kitandani, ndoa itafungwa leo hii. Kisha akatoka mbio akiwaongoza wengine, tai begani.

Bwana harusi alibaki nyuma kidogo kuifunga programu, maana mjomba hapendi kompyuta iachwe ikiwaka. Macho yake yakaangukia ule mstari wa juu, wenye alama ya reli, aliokuwa akiuruka tangu saa tisa.

# Alama nimezibadili mimi, na mlango uko wazi. Nataka mume atakayeinuka bila kupigiwa kengele.