Ngumi ya Raya

Mwalimu wa yoga alisema hapa hakuna kazi ila kulala chali, takia chini ya magoti, viganja vikitazama juu. Wanawake wote walifungua mikono. Raya alikunja ngumi ya kulia. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, nyumba ambayo ndugu wa mume walikuwa wanaitaka.

"Wifi, hata hapa?" Salhina alimnong'oneza kutoka mkeka wa pili. Alikuwa dada wa marehemu, na yeye ndiye aliyemleta.

"Lala wewe. Mimi napumzika hivihivi."

"Mtu anapumzika kama anataka kupigana?"

Mwanamke mmoja alicheka. Raya hakucheka. Tangu msiba hakuwa amepata usingizi wa maana, na huruma ya mtu wa upande wa mumewe ilimtia shaka zaidi.

Mwalimu aliwafunika macho kwa vitambaa. "Vuta pumzi taratibu. Itoe taratibu zaidi."

Raya alisikiliza pumzi ya wifi yake, akingoja ibadilike kama ya mtu anayetaka kunyanyuka. Haikubadilika. Mgongo wa Raya ukalegea, kisha mabega, kisha hakujua tena.

Alipozinduka na kuondoa kitambaa machoni, ukumbini walikuwa wamebaki wao wawili. Kiganja chake kilikuwa wazi, ufunguo umelala katikati, alama ya meno ya ufunguo ingali kwenye ngozi. Salhina alikuwa ameketi kando yake, anamfukuzia nzi kwa pindo la kanga.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Ulikuwa unakoroma, wifi."

Raya aliutazama ufunguo, kisha akamtazama Salhina. Hakukunja vidole. Lakini hakufumba macho tena.