Mwiko wa Kuazima

Umande haujakauka, Eustakia aling'oa msalaba kwenye kaburi la mumewe, akauingiza ndani na kuusukuma chini ya kitanda.

"Nisamehe, Baba Nice," alinong'ona. "Ni kwa ajili ya mtoto."

Msalaba uliandikwa Habonimana. Jina hilo tu lingemwambia mgeni yeyote kwamba asili ya marehemu ni Burundi, alikovushwa mpaka akiwa mchanga, mgongoni kwa mama yake.

Na mgeni alikuwa njiani. Nice, binti yake wa pekee, alikuwa amepiga simu kutoka Dar es Salaam, dakika chache kabla washiriki wa shindano la malkia wa urembo wa taifa hawajakusanyiwa simu zao na kuingia kambini. Mtandao wa huku kwetu Murusagamba, mpakani, mnaujua, na kama hamuujui, mshukuruni Mungu.

"Mama, kuna mzee anakuja kuuliza habari za ukoo wetu. Maisha yangu yote yako mdomoni mwako, mama. Mjibu vi..."

Ikakatika. Eustakia akamkimbilia jirani yake, Zita.

"Uhamiaji hao!" Zita alisema, hata hakufikiri. "Umesahau yule mrembo wa mwaka jana? Watu walisema si raia, akarudishwa kwao analia. Wanataka kumtoa Nice!"

Sheria inasemaje, wote wawili hawakujua. Walichojua ni kwamba ukikaa karibu na mpaka, mtu akikuuliza babu yako alizaliwa wapi, hakuulizi kwa mapenzi.

Ndipo Zita akamwazima mwiko, kama mtu anavyoazima chumvi. Huku kila ukoo una mnyama wake usiyemla, na wenye mwiko mmoja ni ndugu wa damu, hata mmoja awe Ngara na mwenzake Biharamulo. Ukoo wa Zita haukula pongo, yule swala wa vichakani, na ulikuwa umelima Murusagamba tangu enzi za mababu.

"Sema mumeo alikuwa wa kwetu," Zita alimfundisha. "Nani atatuuliza sisi tulikotoka? Halafu usiongeze neno. Mdomo uliponza kichwa."

Mgeni alifika kwa bodaboda jua lilipopanda. Alikuwa mzee wa makamo, amevaa koti na kofia, viatu vimepigwa kiwi chini ya vumbi. Nyuma ya pikipiki kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge. Yesu na Maria, Eustakia akawaza, wamekuja na bunduki!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Nice. Naitwa Thobias, nimetoka Nyakahura. Nimetumwa. Walionituma nitawataja mwisho. Kazi yangu huanza kwa kuuliza."

Alikaa, mikono mapajani. Hakuandika chochote. Maji alikataa, akasema atakunywa akishajibiwa. Aliuliza kama kwenye ukoo kuna kifafa. Hakuna. Kama Nice alibatizwa. Alibatizwa. Kama ana hasira. Hilo lilimshangaza Eustakia, lakini warembo wa siku hizi wanachunguzwa kila kitu.

"Kidogo tu," alijibu. "Za asubuhi."

Mzee akacheka. Kicheko kile kilimtisha mama wa watu kuliko maswali yenyewe.

"Sasa la mwisho. Marehemu mumeo, mwiko wao ulikuwa nini?"

"Pongo," Eustakia alisema haraka. "Hatuli pongo. Watu wa hapa hapa, tangu mababu."

Uso wa mzee ukabadilika. Akaitazama migomba.

"Mama, fikiri vizuri. Huo si mwiko wa upande wako wewe?"

"Ni wake yeye."

"Maana nilisikia marehemu alitoka ng'ambo. Kama ndivyo, niambie tu. Kwangu si ubaya hata kidogo. Ningefurahi."

Ahaa! Mtego huo, mchana kweupe. Ningefurahi! Eustakia alisimama, akaenda moja kwa moja kaburini, mzee akimfuata. Akapiga goti pale msalaba ulipokuwa, akaweka kiganja kwenye udongo.

"Naapa kwa huyu aliyelala hapa. Hakuvuka mpaka, na hakuwahi kuonja pongo. Kama nadanganya..." Akamfikiria Nice kambini, akamalizia. "Kama nadanganya, mwanangu akikose anachokililia."

Mzee Thobias alivua kofia. Watu wa huku hawabishani na kiapo cha kaburini.

"Basi, mama. Nimeamini."

Amepita! Eustakia alitaka kupiga vigelegele. Akamshika mgeni mkono na kumwambia sasa waingie ndani wale, wanywe, maana ndizi zimeshaiva jikoni.

Lakini mzee alikuwa tayari anamwita bodaboda. "Usifungue mzigo," alimwambia kwa sauti ya uchovu. "Tunarudi nao."

Pikipiki ilipogeuzwa, kitenge kikateleza. Palikuwa na jembe jipya la posa, mpini wake umefungwa utepe mweupe, na pembeni kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kimezibwa kwa majani ya mgomba. Eustakia aliliangalia lile jembe, kisha akamwangalia mzee.

"Pole sana, mama," Mzee Thobias alisema. "Wale watoto wamependana kweli, Nice alisema hata taji akilikosa si neno. Lakini kijana wetu naye hali pongo."