Tumbo Limekataa

Mume wangu Shekue alikata roho Jumanne alfajiri, na leo Ijumaa bado sijaruhusiwa kumzika. Siku hizi mtu hazikwi mpaka mifumo yote ya mwili wake ikubali kwamba amekufa. Moyo umekubali, mapafu yamekubali, hata ubongo. Tumbo limekataa.

"Bado linanguruma, mama," anasema Afisa Mbwambo wa mtaa, macho kwenye kifaa chake. "Kisheria mzee yu hai. Endelea kumpa uji."

"Linanguruma kwa sababu anaoza! Hebu mguse, baridi kama sakafu!"

"Hiyo ni ngozi, mama. Ngozi ina idara yake."

Sanda iko kabatini, kaburi liko wazi tangu juzi, majirani wameshaling'oa turubai lao. Halafu mimi nipike uji! Haya, niliupika, nikaumwaga wote miguuni pa Mbwambo.

Hakufoka. Alikigeuzia kifaa kifuani kwangu, akakisoma taratibu, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni.

"Pole, mama. Moyo wako nao umeshakubali. Tunasubiri mifumo mingine."