Injini ya Umri Wangu

Asubuhi ya leo nimetimiza miaka sitini na mbili, na pikipiki yangu imepungua tena. Ndiyo sheria. Ukishavuka hamsini, kila siku yako ya kuzaliwa leseni inakatwa cc tano, na injini inajibana yenyewe kabla hujaiwasha. Mke wangu Namkunda hanipongezi siku hizi. Anautazama tu mlima wa kwetu Usangi, anaguna.

Mwaka juzi tuliupanda wawili na gunia la mkaa. Mwaka jana gunia tuliliacha sokoni. Leo tumefika kona ya pili, injini ikakoroma, ikazima.

"Shuka kidogo, Mama Senzia," nikasema bila kugeuka, kwa aibu.

"Nimeshuka tangu kona ya kwanza, Baba Senzia."

Nikageuka. Alikuwa nyuma ya pikipiki, mikono yote miwili kwenye keria, kanga imelowa jasho. Kumbe tangu kona ile nilikuwa nasukumwa, nami nikijisifu kwamba chombo bado kinavuta.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mikono bado hawajaiwekea leseni," akajibu, akainama kusukuma tena.